Ukibadilisha giaboksi ya Land Cruiser ya zamani, usizisahau swichi zake

Wenye Land Cruiser za zamani, hasa mfululizo wa 40 zenye gia nne, wengi huja karakana kwetu na ombi moja: wanataka gia ya tano. Safari ndefu ya lami kwa gia nne inaichosha injini na kumchosha dereva, na giaboksi ya H55F iliyofungwa kwenye Land Cruiser za 60 na 70 ndiyo dawa inayojulikana. Mazungumzo huwa ya klachi na propela, maana H55F ni ndefu zaidi, hivyo propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya nyuma hufupishwa na ya mbele hurefushwa. Swichi hazitajwi kabisa. Kazi inaisha, gia zote zinaingia vizuri, halafu mteja anagundua taa za rivasi haziwaki, au fyuzi inaungua kila anaporudi nyuma. Hapo watu husingizia umeme wa gari kuukuu, wakati tatizo limetokana na namna swichi zilivyohamishwa.

Tuanze na swichi ya rivasi. Imefungwa kwa uzi kwenye bodi ya giaboksi, na ncha yake ina kipini au kigololi. Ukiingiza rivasi, shafti ya gia iliyo ndani inakisukuma kile kipini, nyaya mbili zinakutana, taa zinawaka. Ukitoa rivasi, umeme unakatika. Ni kifaa rahisi sana, lakini kinategemea kipimo. Kipini kikiwa kifupi kuliko kinachotakiwa, shafti haikifikii na taa haziwaki kamwe. Kikiwa kirefu, taa zinabaki zimewaka muda wote, na mara nyingine kinaizuia shafti isifike mwisho, rivasi ikawa ngumu kuingia au ikachomoka yenyewe. Hata washeri ina kazi yake: ukiweka nene kuliko ya awali, umeirudisha swichi nyuma bila kujua.

Ndiyo maana hatukubali kuchukua swichi ya giaboksi ya zamani na kuilazimisha kwenye tundu la giaboksi mpya, hata kama uzi unaelekea kushika. Kipenyo kinaweza kulingana na hatua ya uzi, yaani nafasi kati ya jino na jino, ikatofautiana kidogo. Ukikaza kwa nguvu kwenye bodi ya alumini, umeharibu uzi wa giaboksi uliyoinunua kwa pesa nyingi, na oili itaanza kuvuja hapo. Swichi sahihi ni ile iliyotengenezwa kwa giaboksi hiyo. Kinachobadilishwa ni soketi ya nyaya.

Hapo kwenye nyaya ndipo penye mtego mkubwa. Swichi nyingine zina nyaya mbili: umeme unaingia kwa mmoja na kutokea kwa mwingine kwenda kwenye taa. Nyingine zina waya mmoja tu na hukamilisha njia kwa kugusa bodi, yaani athi. Mfumo huu wa waya mmoja unakutana nao sana kwenye swichi za taa ya 4WD, ile inayoonyesha kuwa magurudumu yote manne yanavuta. Fundi akiunganisha waya wenye umeme wa moja kwa moja kwenye swichi ya aina hiyo, kila ikifungwa ni shoti, na fyuzi inaungua. Mwenye haraka huweka fyuzi kubwa zaidi. Tafadhali usikubali. Fyuzi ikiwa kubwa, kinachoungua ni waya, na waya ukiungua chini ya kapeti unaweza kuondoka na gari zima.

Suala la pili ni mzigo. Balbu mbili za rivasi za wati 21 kila moja ni wati 42, yaani ampea 3.5 kwenye gari la volti 12. Ukiongeza taa za ziada nyuma, kengele na kamera, umeme wote huo unapita kwenye vidoti vidogo vya swichi. Sisi huweka rilei: swichi inaiamuru rilei, nayo rilei ndiyo inayobeba mzigo. Angalia volti kabla ya kununua, kwa sababu baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 24, na rilei ya volti 12 haidumu humo.

Wale wanaotoa giaboksi ya otomatiki na kuweka ya gia za mkono wana jambo zito zaidi. Kwenye otomatiki kuna swichi inayoruhusu starta ipige pale tu mkono wa gia ukiwa P (kuegesha) au N (gia huru). Giaboksi ikitoka, swichi hiyo inatoka nayo, na starta haigusi. Njia ya mkato ni kusokota nyaya mbili pamoja. Gari litawaka, lakini litawaka hata likiwa kwenye gia, na mtoto akigeuza ufunguo litaruka mbele. Sisi huweka swichi kwenye pedali ya klachi, tukaiunganisha mahali pa ile ya P na N, ili starta isipige mpaka klachi ikanyagwe. Kama injini ina kontroli boksi, yaani kompyuta yake, tunahakikisha nayo inapata taarifa inayoitarajia, vinginevyo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inaweza kuyumba.

Spidi nayo iangaliwe mapema: gari la zamani lina kebo ya spidomita, na giaboksi za miaka ya karibuni nyingi zina sensa ya umeme. Amua utatumia ipi kabla giaboksi haijapanda.

Ukienda kutafuta giaboksi Ilala, Dar es Salaam, au kwingineko, mwombe muuzaji asikate soketi za swichi. Akuachie kila soketi na waya wa kama sentimita 20, kwa rangi zake. Kipande hicho kitaokoa saa nyingi za kubahatisha. Utuletee pia picha ya kibao cha gari lako, kile chenye maneno TRANS/AXLE, kwani msimbo wake unatuonyesha gari lilitoka kiwandani na giaboksi gani.

Giaboksi ikifika kwetu, tunaipima ikiwa bado chini. Tunaunganisha mita ya umeme kwenye swichi ya rivasi na kupitisha gia zote, moja baada ya nyingine: mita ionyeshe mguso kwenye rivasi tu. Kubadilisha swichi mbovu giaboksi ikiwa chini ni kazi ndogo, lakini ikiwa juu, katikati ya chesi na bomba la ekzosi, mkono haupiti. Baada ya kufunga, nyaya tunaziunga kwa lehemu, tunazivalisha bomba na kuzifunga mbali na ekzosi. Mteja anaondoka na karatasi yenye mchoro wa nyaya zake mpya na rangi zake, aiweke kwenye dashibodi. Fundi mwingine atakayelifungua gari hilo, Dodoma au Songea, ajue pa kuanzia.