Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha familia zenye wazee wenye demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu,

Mikutano minne imefanyika, familia tano mpya zimejiunga, wazee wawili tumewazika, semina ilikwenda vizuri na soda zilitosha. Hayo mnayajua.

Nije kwenye lililosemwa sana, hasa na wasiohudhuria. Ni kweli, shilingi 840,000 za fungu la dawa kamati ilizihamishia kwenye vipimo na vikao vya wazee vya Jumanne. Nikaambiwa nimewanyima wazee dawa ili wacheze bao! Ndugu zangu, donepezil, dawa yenyewe inayozungumzwa, haiponyi demensia. Hupunguza makali ya dalili kwa muda, tena kwa baadhi tu. Fungu lile lingetosha wazee watatu kwa miezi michache, halafu? Tungewapigia kura nani anywe, nani aache?

Vipimo navyo si anasa. Upungufu wa vitamini B12, sonona au tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikilegea huweza kumfanya mtu asahau, na hivyo vinatibika. Mama mmoja wetu kwao walishasema uzee umemzidi. Kumbe ni tezi. Sasa anameza vidonge na amerudi kwenye meza yake ya ndizi.

Vikao sikuvibuni, ingawa wazo nililileta mimi, muhtasari upo. Hapa hapa wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walishavijaribu: vikao 14 kwa wiki 7, mazungumzo na michezo ya kuchangamsha akili, na wazee wakaonekana kunufaika. Kwetu yupo mwalimu mstaafu asiyemtambua mwanawe wa kumzaa. Jumanne moja mwenzake aliruka shimo kwenye bao, mwalimu akamshika mkono: "Rudia. Umeruka."

Sasa ada. Tuko 61, waliokamilisha ni 19, deni ni shilingi 612,000. Mkutano wa Septemba tulikuwa 11, saba kati yao kamati. Lakini mama akipotea usiku, namba ya mwenyekiti mnayo! Mwezi wa sita nilizunguka na pikipiki yangu, mafuta yangu, hadi saa nane usiku tukamkuta mzee kakaa kituoni anasubiri basi la mwaka gani sijui. Sijadai hata senti.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata chumba cha kudumu, na pengine mfadhili.

Daftari la ada liko kwa mweka hazina, pale mlangoni.