Barua ya wazi: Mheshimiwa, naomba ule muhuri

Kwa Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Najua una shughuli nyingi. Nimelijua hilo mara saba, kila nilipopanda ngazi za ofisi yako nikaambiwa uko mkutanoni.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanafunzi 28 walikuwa wamekaa gatini Amu (Lamu) wakingoja barua ya ruhusa yenye muhuri wako ili twende kisiwa cha Pate. Nahodha alishanionya: Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa. Saa tatu maji yakaanza kutoka. Saa tano watoto walikuwa wanakula mahamri ya safari pale pale kwenye ngazi za gati, safari yenyewe haipo. Simu yako ilikuwa imezimwa.

Sababu nilipewa na karani, tena kwa kunong'ona: eti ziara ya "historia ya vita" itawatia watoto fikra mbaya. Labda ni maneno yake tu. Labda ni mambo ya usalama, nami sikuambiwa. Mimi nadhani uliona neno vita ukafunga faili.

Mheshimiwa, watoto wa huku tunawaficha vita gani? Mji wa Mpeketoni, huku huku Lamu, uliposhambuliwa mwaka 2014, hawa walikuwa wa chekechea. Wamekua na kafyu. Baba zao walikatazwa kuvua usiku miaka nenda miaka rudi, na sufuria za nyumbani zilijua. Wasichokijua ni vita huanzaje, na kwa nini hata aliyeshinda hulipa.

Hilo la kulipa liko hapa hapa kisiwani, kijijini Shela. Karibu mwaka 1812, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka ufuoni. Waamu wakayavunja. Waliokimbilia vyomboni walikuta maji yametoka, majahazi yamekaa mchangani, wakauawa hapo hapo. Mifupa yao ilionekana matutani miaka mingi baadaye. Nikifika hapo darasa hupiga makofi. Kisha huwauliza: halafu? Halafu Waamu, kwa kuogopa kisasi, wakamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman, naye akaleta liwali, yaani gavana wake, na askari. Tulishinda vita tukajipatia bwana. Makofi huisha.

Muhula huu mtoto mmoja wa mvuvi akauliza: "Mwalimu, na Pate wao wanavihadithia vipi vita hivyo?"

Nilibabaika. Ndipo nikapanga safari, wakawasikie wazee wa Pate kwa midomo yao wenyewe. Fikra mbaya ni hiyo, Mheshimiwa: kumsikiliza aliyeshindwa.

Siku ya wazazi ulishika maikrofoni ukasema boti utatoa wewe. Sikuidai. Mafuta nimekopa, na siku hizi mwenye duka akiniona hujibu salamu kwa hesabu. Vile vitabu vya maktaba ulivyoahidi siku hiyo hiyo, navyo sivitaji. Mke wangu ameniuliza kama historia inalipa kodi ya nyumba. Hilo nalo si la barua hii.

Nataka muhuri tu. Barua iko mezani kwako, upande wa kushoto, chini ya kalenda; niliiona Jumanne kwa macho yangu. Maji mazuri ya asubuhi yatarudi baada ya wiki moja na siku chache. Piga muhuri, Mheshimiwa. Ukiwa mkutanoni, mwambie karani apige.

Wako,
Mwalimu wa historia, Amu