Mwanangu hatembei, simu inamdai hatua 10,000

Mhariri,

Ile makala yenu ya ukurasa wa afya, iliyosifu aplikesheni za kupunguza uzito kwa vijana wenye ulemavu, nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani kuna aya zimerukwa mtamboni. Nalinunua gazeti hili miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipoondoa chemshabongo. Hii imenishinda.

Mwanangu ana miaka 17, alizaliwa na mgongo wazi, anatumia kiti mwendo. Kwamba unene ni hatari kwake sibishi. Kila kilo inayoongezeka inabebwa na mabega anapojihamisha kutoka kitini kwenda kitandani, na makalio yasiyo na hisia hupata vidonda asivyovisikia mpaka vimechimba. Kwa hiyo tukapakua mojawapo ya aplikesheni hizo. Ikaanza kuuliza urefu. Mtoto ambaye mgongo umepinda na miguu haikunjuki, urefu unampima kutoka wapi hadi wapi? Wanaoijua kazi humnyoosha mikono wakapima ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Aplikesheni haina habari hiyo. Inataka sentimita tu, uipe zozote, ikurudishie namba yenye rangi nyekundu. Kisha ikampangia chakula cha kijana anayecheza mpira kila jioni, wakati misuli ya miguu yake haifanyi kazi na mwili wake unahitaji chakula pungufu kuliko wenzake. Akiifuata vizuri atanenepa kwa utii!

Halafu hatua. Simu inalia kila jioni kwamba hajafikisha 10,000. Na hiyo 10,000 haikutoka kwa daktari yeyote. Ilianzia Japani miaka ya 1960, kampuni ikiuza kifaa cha kuhesabu hatua. Mtoto anasukuma kiti kwenye mchanga wa Kihonda mpaka shati linalowa, simu inamwambia leo amekaa sana. Siku tuliyopanda bajaji kwenye barabara ya mashimo ikampongeza kwa mwendo mzuri, na fataki juu ya kioo. Yeye alicheka. Msiniambie haiwezekani: Apple waliweka hesabu ya misukumo ya kiti kwenye saa yao tangu 2016, ila saa ile si ya mshahara wangu. Na sijagusa wasioona, ambao simu inawasomea “kitufe, kitufe, kitufe” bila kusema ni cha nini, wala wanaomeza dawa za kifafa ambazo baadhi zenyewe zinanenepesha.

Na tukiwa hapo hapo kwenye kilo, hizo kilo anapimiwa wapi? Hospitali tuliyokwenda, siitaji, ina mizani ya kusimama tu. Muuguzi akaniambia, “Mama, msimamishe kidogo tu.” Nikamjibu angekuwa anaweza kusimama kidogo tu tusingekuwa hapa. Akamtazama juu hadi chini, akaandika kilo alizozikadiria kwa macho, na dozi ya dawa ikatokana na makadirio hayo. Tuliishia sokoni kwa muuza mahindi, kwenye mizani ya magunia: kwanza mtoto na kiti chake, kisha kiti peke yake, tukatoa. Watu wamejaa kama mnadani, wengine na simu juu wanapiga picha. Kijana mkubwa, anayesimamia mijadala shuleni kwao, anapanda mizani baada ya gunia! Nchi hii iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010, na hadi leo muuza mahindi ndiye mwenye kifaa kinachomfaa mwanangu.

Hao watengenezaji waongeze swali moja kabla ya urefu: unatembea? Kwenye orodha yao ya parachichi na mkate wa kuchoma waweke makande na mihogo ya nazi. Kila hospitali ya wilaya inunue mizani moja ya kuingia na kiti, iwekwe chini, si ghorofani (najua wataiweka ghorofani). Na mwandishi wenu akaribie Kihonda. Nitamwazima kiti cha akiba, kile chenye gurudumu bovu la mbele, aende nacho mpaka stendi ya Msamvu, simu yake mfukoni, kisha atuandikie kahesabiwa hatua ngapi.

Mzazi,
Kihonda, Morogoro