Oili ya shokapu za mbele nayo ina muda wake wa kumwagwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na madereva wa bodaboda na matajiri wao kuhusu oili ambayo karibu hakuna anayeimwaga, ile ya shokapu za mbele. Oili ya injini kila dereva anajua lini aliimwaga. Ya shokapu inasubiriwa mpaka sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, ichoke na mafuta yachirizike, na hata hapo fundi anapachika sili mpya, anajazia kwa kukadiria, pikipiki inarudi kijiweni.

Kwa bodaboda, kipimo chetu ni kilomita 10,000. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, inafika hapo kwa takriban miezi minne. Iliyo mpya imwagwe mapema zaidi, kwenye kilomita 5,000, kwa sababu wakati huo bushi na springi bado zinakaa sawa na zinatoa unga mwingi wa chuma. Pikipiki ya kwenda kazini na kurudi, kwenye lami tupu, inaweza kukaa hadi miaka miwili. Wanaoendesha kwenye viwanja vya mbio hawahesabu kilomita, wanahesabu saa. Wengi wao humwaga kila baada ya saa 20 hadi 40 za uwanjani, maana kila kona shokapu inabanwa na breki kali. Bodaboda inayopakia mshikaki (abiria zaidi ya mmoja) au magunia ya mkaa kwenye vumbi na matuta inazitesa shokapu zake kwa namna hiyohiyo, kutwa nzima.

Ndani ya shokapu hakuna chujio. Kila kinacholika humo, iwe bushi, springi inayosugua paipu au aluminiamu ya mguu wa chini, kinabaki ndani na kuendelea kusaga. Maji nayo hupenya sili ya vumbi ikishazeeka, hasa pikipiki ikioshwa kwa mota yenye presha. Oili nzima inaonyesha mwanga. Iliyokufa ni ya kijivu, inanuka vibaya na ina vimetameta vya chuma, na iliyoingia maji ina weupe wa maziwa. Ukitaka kujua bila kufungua, shika breki ya mbele, gandamiza usukani kwa nguvu kisha uachie. Mbele ipande mara moja na kutulia. Ikiyumba juu na chini mara mbili au tatu, oili haizuii tena springi, na breki ya ghafla itakushangaza siku ya mvua.

Oili inayohitajika kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni ya shokapu, 10W (namba inayoonyesha uzito wa oili; ikipanda, oili ni nzito zaidi). Anayebeba mizigo mizito kila siku anaweza kupanda mpaka 15W. Oili ya injini ya 20W-50 haifai hata kidogo, kwa sababu ni nzito zaidi ya mara tatu. Kwenye tuta kali inashindwa kupita kwenye vitundu vidogo vya ndani, shokapu inakuwa kama gogo na tairi linaruka. Oili ya breki nayo inaharibu sili. Ikikosekana ya shokapu, ATF, yaani oili ya gia za otomatiki za magari, iko karibu sana na 10W na inafanya kazi vizuri.

Kazi yenyewe ni ya saa mbili. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa na uikinge injini kwa gogo ili tairi la mbele liwe hewani. Legeza bolti za kibano cha juu, halafu vifuniko vya juu vya shokapu, miguu (shokapu yenyewe ya kulia na ya kushoto) ikiwa bado imebanwa mahali pake. Ukishaitoa utahangaika kuvishika. Ndipo utoe tairi, madigadi na miguu yenyewe. Kifuniko kifunguliwe taratibu huku ukikigandamiza na uso ukiwa pembeni, maana springi inakisukuma. Kabla ya kuitoa springi, angalia upande wenye mizunguko iliyobanana umeelekea wapi, irudi vilevile. Geuza mguu juu chini, pampu mara kumi, uache uchuruzike dakika 20.

Baadhi ya pikipiki zina skrubu ndogo ya kumwagia kwa chini, na wengi huishia hapo. Tope zito hubaki kitakoni. Suuza kwa oili mpya kidogo, si kwa petroli wala mafuta ya taa, maana yakibaki ndani yanaifanya oili mpya kuwa nyepesi.

Kujaza ndiko kunakoharibiwa zaidi. Kila mguu una kiasi chake kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na kwa pikipiki hizi huwa chini ya robo lita. Tumia bomba la sindano au chupa yenye alama za mililita. Usipime kwa kile kilichotoka, kwa sababu mguu uliokuwa unavuja unaweza kutoa mililita 90 na mwenzake 150. Ukishamimina, pampu polepole mpaka mapovu yaishe, ushushe paipu mpaka chini bila springi, kisha pima kwa rula kutoka mdomoni mpaka kwenye oili. Miguu miwili isipishane zaidi ya milimita mbili. Oili ikizidi, nafasi ya hewa inapungua, presha inapanda na sili inasukumwa nje. Ikipungua inatoa povu, na povu halizuii springi.

Kuhusu sili, si kila inayovuja imekufa. Mara nyingi ni chembe ya mchanga chini ya mdomo wake. Inua sili ya vumbi, pitisha kipande chembamba cha filamu ya eksirei kuzunguka paipu, chembe itatoka. Ikiendelea kuvuja, pitisha ukucha kwenye paipu juu na chini. Kutu au alama ya jiwe inayonasa ukucha itakata sili mpya ndani ya wiki. Iliyo ndogo isuguliwe kwa msasa laini namba 2000 wenye oili. Iliyochimbika inataka paipu nyingine.

Ukirudisha, usikaze kila kitu moja kwa moja. Ingiza ekseli, pampu mbele mara kadhaa ili miguu ijipange, ndipo ukaze. Pampu breki kabla ya kutoka gereji.

Kwa matajiri: kwenye mikataba mingi huduma zote zinamwangukia dereva, naye hawezi kulipia kitu ambacho hakikutajwa. Andikeni oili ya shokapu kwenye mkataba, kila kilomita 10,000, na mseme nani anailipa. Lita moja inatosha miguu yote miwili na inabaki ya pikipiki nyingine.

Mafundi wa pikipiki,
Morogoro