Risala ya Darasa la Bharatanatyam, Upanga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, namaste na karibuni sana. Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kujumuika nasi.

Mheshimiwa, Bharatanatyam ni ngoma ya Watamil wa kusini mwa India. Madevadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu, waliicheza hekaluni, ndugu wanne wa Thanjavur wakaipangia mfuatano wa maonyesho karne ya 19, na mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale akaanzisha chuo cha sanaa cha Kalakshetra mjini Madras. Nasi hapa Upanga tumepiga hatua kubwa mno: hata wadogo kabisa wanahesabu adi tala, mzunguko wa mapigo 8, kwa kiganja na vidole bila kukosea.

Pamoja na mafanikio hayo, tuna tatizo sugu la kitabu cha nadharia. Abhinaya Darpana, kitabu cha kale cha nadharia hiyo, inataja mikao 28 ya mkono mmoja, nasi tunaisoma kwenye nakala kivuli ya nakala kivuli. Katika mkao wa pataka vidole vyote vimenyooka, gumba limekunjwa. Tripataka hukunja na kidole cha pete. Ardhapataka hukunja kidole cha pete na kidole kidogo. Kwenye karatasi zetu vidole hivyo vimekuwa doa jeusi, na mikono yote mitatu inafanana. Mtoto anajisomea nyumbani, akija darasani, anapotakiwa kuonyesha taji kwa tripataka anaonyesha jani kwa ardhapataka.

Mwalimu wetu ameshaandika kijitabu cha Kiswahili chenye picha. Kinasubiri kuchapwa tu, nakala 60.

Mheshimiwa, mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi jambo hili hapa hapa, tukapiga makofi. Wa mwaka jana naye aliahidi, tukapeleka ankara ya mchapaji kama alivyoelekeza. Kila tukifuatilia tunajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Hatuna shaka na nia njema ya viongozi wetu, ila baadhi ya watoto waliopiga makofi siku ile wameshamaliza darasa bila kukiona kitabu, na wadogo zao leo wanakariri kutoka karatasi zile zile.

Ankara yenye bei mpya imo kwenye bahasha uliyokabidhiwa mlangoni. Kwa heshima na taadhima, tunakuomba kabla hujaondoka ututajie tarehe, na jina la mtu tutakayemfuata.

Naomba kuwasilisha.