Jimbo kukataa kusaidia si uasi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu majimbo ya Marekani yanayowakataza polisi wake kushiriki kuwasaka wahamiaji iliyahukumu kuwa yameiasi Katiba. Naomba nafasi nipinge hukumu hiyo, kwa kuwa imechanganya mambo mawili ambayo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo imeyatenganisha kwa miaka mingi: kuizuia serikali ya shirikisho isitekeleze sheria yake, na kukataa kuitekeleza kwa niaba yake.

La kwanza limekatazwa. Ibara ya Sita inaiweka sheria ya shirikisho juu ya sheria ya jimbo, na Gavana Orval Faubus wa Arkansas, aliyewazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule ya wazungu jijini Little Rock, alilazimika kulitambua hilo mwaka 1957, Rais Eisenhower alipopeleka wanajeshi ili wanafunzi hao waingie. La pili ni halali. Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayaachia majimbo, au wananchi wenyewe, mamlaka yote ambayo Katiba haikuikabidhi serikali ya shirikisho wala haikuyanyima majimbo. Na Mahakama imeamua kwamba Congress, yaani Bunge la Marekani, inaweza kuwatungia wananchi sheria moja kwa moja, lakini haiwezi kuwageuza watumishi wa jimbo kuwa vibarua wake.

Inafaa kukumbuka ni nani walioshinda kesi moja iliyothibitisha kanuni hiyo. Sheria ya Brady ya mwaka 1993 iliwataka wakuu wa polisi wa maeneo mbalimbali wawachunguze wanunuzi wa bastola hadi mfumo wa shirikisho uwe tayari. Masherifu wawili, Jay Printz wa Montana na Richard Mack wa Arizona, walikwenda mahakamani, na mwaka 1997 wakashinda kwa kura tano dhidi ya nne, hukumu ikiandikwa na Jaji Scalia, mhafidhina. Wahafidhina walishangilia. Leo kinga ileile inapoyalinda majimbo yenye msimamo tofauti na wao, baadhi yao wanaiita uasi: mkuki kwa nguruwe.

Sisahau kwamba haki za majimbo zilitumika kutetea utumwa na, baadaye, ubaguzi wa rangi. Lakini mwaka 1842, katika kesi ya Prigg dhidi ya Pennsylvania, Mahakama iliyowapa wenye watumwa haki ya kuwakamata waliotoroka ilikubali pia kwamba majimbo hayawezi kulazimishwa kuifanya kazi hiyo, na mwaka uliofuata Massachusetts ikapiga marufuku jela zake kutumika kuwazuilia watoro. Mabwana wa Kusini, ambao wengi huwadhania watetezi wakuu wa majimbo, ndio waliotaka mkono wa Washington uongezwe nguvu, wakaipata sheria kali ya mwaka 1850 kuhusu watumwa waliotoroka.

Penye shaka ya kweli ni kwenye fedha ambazo serikali ya shirikisho huyapa majimbo kwa masharti. Mwaka 1987 Mahakama iliruhusu majimbo yanyimwe asilimia 5 ya fedha za barabara yasipopandisha umri wa kununua pombe hadi miaka 21. Mwaka 2012 ikakataa tishio la kuyanyima fedha zote za Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato kidogo, majimbo yaliyokataa kuupanua mpango huo. Kati ya kushawishi na kulazimisha hapana mpaka ulio wazi. Ningependa waandishi wenu wachunguze hapo: masharti yanayofungwa kwenye ruzuku za polisi yametungwa na Congress yenyewe, au yameongezwa na ofisi za utawala baada ya fedha kupitishwa?

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio