Odu, wanataka kumfukuza Kingambit

Odu ndugu yangu,

Habari za Kisumu? Sisi huku Umoja tu wazima, ila stima inapotea kila jioni. Nilimkuta mama yako Mutindwa akinunua sukuma, akaniuliza kama simu yako imeharibika. Mpigie leo, tafadhali. Harusi ya dadake Shiro ilifana sana, lakini hiyo nitakusimulia siku nyingine, maana kuna jambo linaloniwasha.

Jumamosi hii vijana wanapiga kura pale saiba kumpiga marufuku yule Pokémon anayeitwa Kingambit katika mechi zetu, na sheria zetu uliziandika wewe. Aliyeanzisha ni Kadogo. Alikuwa anaongoza, Pokémon wake watatu bado wamesimama, na yule jamaa wa Donholm amebaki na Kingambit peke yake. Wote watatu wakaangushwa. Uchungu wake nauelewa, bana. Kingambit huongezewa nguvu asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyeanguka, hadi asilimia 50, na ana Sucker Punch, pigo linalotangulia ingawa mwenyewe ni mzito wa miguu.

Lakini pigo hilo hufeli kabisa mpinzani akichagua kitu kisicho shambulio! Na halitumiki zaidi ya mara 8. Kadogo alishambulia kila zamu. Angemchoma kwa Will-O-Wisp, nguvu ya mapigo yake ingekatika nusu. Pokémon wake Great Tusk mwenye Close Combat, pigo linalomuumiza Kingambit mara nne, alikuwa ameshamtoa kafara mapema. Mtu akishindwa namna hiyo, atazame mechi upya kwanza, kisha ndiyo adai sheria.

Mwalimu ndiye aliyeleta hoja yenye uzito. Alisema kwa Tera, ule uwezo wa Pokémon kubadili aina yake katikati ya mechi, Kingambit anaweza kugeuka aina ya Ghost, na Close Combat isimguse hata kidogo. Kweli. Ila Tera ni mara moja kwa mechi, na akiitumia hapo hana nyingine. Tena kama kinachotuumiza ni Tera, tujadili Tera. Smogon, ile jamii ya mtandaoni inayotunga sheria za mechi za Pokémon, waliipigia kura wakaiacha. Dynamax, ule uwezo wa kuvimba kuwa jitu, waliifuta Desemba 2019, mwezi mmoja tu baada ya michezo yake kutoka, kwa sababu yeyote aliweza kuvimba zamu yoyote, uhai wake ukawa mara mbili, nawe huna namna ya kujipanga. Hapo ndipo mimi naweka mpaka: je, mchezaji bado ana la kuchagua? Kwa Kingambit analo.

Kinachonikera zaidi ni jinsi kura yenyewe itakavyopigwa. Kadogo anasema Kingambit anatumiwa kupita kiasi, basi aende daraja la Ubers. Amechanganya mambo mawili. OU, daraja kuu la mechi za Smogon, hupimwa kwa matumizi: asilimia 4.52, yaani ukicheza mechi 15 uwe na nafasi nusu kwa nusu ya kukutana naye angalau mara moja. Kutumiwa sana kunamweka OU, hakumtoi. Ubers ni ya waliofukuzwa, na huko Smogon kabla hujapiga kura sharti upande ngazi kwa kucheza, halafu kwa kawaida zinatakiwa asilimia 60 kumwondoa mtu. Sisi tutainua mikono tu. Yule aliyejiunga majuzi, ambaye bado anauliza pigo la Taunt ni nini, mkono wake utakuwa sawa na wa Mwalimu. Hilo Odu siwezi kulikubali, na nimewaambia waziwazi.

Nawaza pia kuhusu wale wadogo wanaokuja kucheza Showdown, mechi za Pokémon za mtandaoni, kwa simu zenye vioo vilivyopasuka. Mdogo wake Shiro anampenda Pokémon mdogo Pachirisu kufa. Nilimsimulia kuwa Se Jun Park alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014 akiwa na Pachirisu kikosini, anayavuta mapigo kwa Follow Me ili mwenzake Gyarados apumue, akafurahi karibu alie. Hakuna aliyemfutia Park vigogo vya wapinzani wake. Alitafuta jibu mahali ambapo wengine hawakutazama. Tukiwafundisha hawa watoto kwamba kila anayekushinda hufutwa... Nisiendelee, nitakesha.

Naomba uandike hoja yako, hata mistari michache, niwasomee Jumamosi kabla ya kura. Wewe wanakusikiliza.

Na kura ya aliye mbali tuihesabu? Unaonaje tukidai mtu acheze mechi kadhaa na Kingambit, na nyingine dhidi yake, ndipo apige kura? Daftari la sheria ulibeba au liko kwa kina Shiro? Na usingizi je: Smogon walipiga marufuku mapigo ya kulaza huko OU mwaka 2024, sisi bado tunaruhusu mmoja alazwe, tubadilishe? Kazi mpya inakupa hata saa moja ya kucheza? Unakuja lini?

Wako,
Baraka